Maji ya Chumvi Hayafanani



Wengi wenu mmefika Singida mjini. Mmeliona Ziwa Singidani, na mwenzake Ziwa Kindai. Mmeyaona majabali makubwa yaliyo kando ya maji. Pengine mmeyaonja maji yenyewe, mkayatema. Ni maji ya chumvi, hayanyweki.

Sasa tuwaulize swali. Samaki wa baharini naye anaishi katika maji ya chumvi. Je, akiletwa hapa kwetu na kutiwa katika maji ya Singidani, ataishi au atakufa?

Sisi watumishi wa elimu ya watu wazima tuliwahi kuulizwa swali hilo. Tulijibu haraka: "Ataishi, kwa nini asiishi? Chumvi ni chumvi." Jibu hilo lilikuwa kosa. Liliua samaki wawili, na nusura limponze mtu asiye na hatia. Ndiyo sababu leo tunalieleza jambo hili tangu mwanzo. Mwenye nia ya kufuga samaki, awe wa mapambo au wa kitoweo, asome hadi mwisho.

SAMAKI WAGENI

Tunacho chumba cha kusomea. Humo wahitimu wa kisomo huja kusoma magazeti na vitabu. Miaka michache iliyopita wasomaji walikuwa wamepungua. Vitabu vilikuwapo, lakini viti vilikuwa vitupu.

Wakati huo mwalimu mmoja mwenzetu alihamia huku kutoka Tanga. Alikuja na sanduku la kioo linaloingia lita 100 za maji. Alikuja pia na samaki wawili, kila mmoja katika mfuko wake uliotiwa maji na hewa. Samaki hao hawakuzidi urefu wa kidole. Rangi yao ilikuwa buluu inayong'aa, na chini tumboni na mkiani walikuwa na rangi ya njano.

Habari zikaenea sokoni. Wauza vitunguu wakaja. Vijana wa bodaboda wakaja. Akina mama waliotoka kliniki na watoto wakapitia kutazama. Mzee mmoja alikuwa anakuja kila Jumatano. Kwanza alitazama samaki, halafu alichukua gazeti akasoma kwa sauti ya chini. Kidogo kidogo viti vikajaa.

Yule mwalimu alituachia mfuko wa chumvi maalumu. Kila wiki tulitoa ndoo moja ya maji, tukatia ndoo moja mpya iliyochanganywa na chumvi ile. Mambo yakaenda vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha mwalimu akahamishwa tena, na chumvi ikaisha. Kupata nyingine ni mpaka Dar es Salaam.

Tukakaa kikao. Mmoja wetu akasema, "Jamani, ya nini kuagiza chumvi Dar es Salaam, na ziwa la chumvi liko hapo chini?" Wote tukacheka, tukakubali. Tukamwita mhudumu wa ofisi, ambaye alikuwa kibarua, tukamtuma ziwani na ndoo mbili juu ya baiskeli.

Mhudumu akasita. Akasema, "Wakubwa, mimi nimekulia kando ya ziwa lile. Maji yale si chumvi tu. Yana na magadi." Sisi tukamwambia, "Wewe kalete maji." Akaenda, akaleta. Tukamwamuru ayatie, akayatia. Jioni samaki walikuwa wanahema juu juu, karibu na uso wa maji. Asubuhi tukawakuta wamelala ubavu. Wamekufa.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema ndoo zilikuwa na sabuni. Wengine walisema kuna mtu mwenye jicho baya. Na sisi, badala ya kujiuliza, tulimwandikia mhudumu barua. Tulimtaka ajieleze kwa nini asiachishwe kazi. Alijibu kwa mstari mmoja tu: "Nilitumwa, nikasema, sikusikilizwa."

Barua hiyo tuliisoma mara mbili. Mhudumu huyo alijifunza kuandika katika darasa letu la jioni.

Hapo ndipo tulipoanza kuuliza wenye ujuzi na kusoma vitabu. Haya ndiyo tuliyojifunza.

SAMAKI HUYU NI NANI?

Kwao ni kwenye matumbawe. Matumbawe ni kama mawe ndani ya bahari, lakini ni mawe yanayojengwa na viumbe wadogo sana walio hai. Pwani yetu ina matumbawe mengi: Tanga, Pemba, Unguja, Mafia, mpaka Mtwara. Ndani ya matundu yake wanaishi samaki wa kila rangi.

Jamaa ya samaki wetu ni kubwa. Ina aina zaidi ya 300 duniani. Wapo wa buluu, wapo weupe wenye mistari myeusi, wapo weusi wenye madoa meupe matatu. Wengi hawazidi urefu wa kiganja. Kwa kitoweo hawana faida kubwa. Wanaowatafuta ni watu wanaofuga samaki wa kutazama. Nchini Kenya wapo wavuvi wanaopiga mbizi na kuwakamata wakiwa hai kwa nyavu ndogo. Kisha samaki husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na kwingineko. Desturi ya kuweka samaki ndani ya kioo si ya jana. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote mwaka 1853.

Samaki huyu anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni uvumilivu. Maji yakichafuka kidogo, au joto likibadilika kidogo, wenzake hufa, yeye hubaki. Hachagui sana chakula. Hula mimea midogo ya majini na vidudu.

La pili ni ukali. Ana kiwanja chake, na anakilinda kama jogoo anavyolinda boma. Jike hutaga mayai juu ya jiwe lililosafishwa. Dume ndiye anayekaa kulinda. Huyapepea mayai kwa mapezi yake ili yapate hewa, mpaka yaanguliwe. Akija samaki mkubwa kuliko yeye, anamfukuza. Hata mtu aliyepiga mbizi anaweza kurukiwa na samaki wa urefu wa kidole! Kwa hiyo ukiwaweka wengi katika sanduku dogo, mkubwa atamtesa mdogo mpaka afe. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hata sisi yule mdogo alikuwa anajificha nyuma ya jiwe mchana kutwa.

Nyumba ya samaki hawa ikibomoka, nao wanakwisha. Ndiyo maana uvuvi wa baruti ni dhambi kubwa ya pwani. Baruti ikilipuka haichagui. Inaua wakubwa na wadogo, na inavunja matumbawe ambayo yamejengwa kwa miaka mingi sana. Tanzania ilipiga marufuku uvuvi huo mwaka 1970. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ili sehemu ya matumbawe ilindwe.

CHUMVI YA BAHARI NA CHUMVI YA ZIWA

Sasa tuje kwenye kosa letu.

Chukua lita moja ya maji ya bahari. Ichemshe mpaka maji yote yaishe. Chini ya sufuria zitabaki gramu kama 35 za chumvi. Katika hizo, gramu kama 27 ni chumvi ile tunayotia kwenye mboga. Gramu kama 8 zilizobaki ni madini mengine mbalimbali. Miongoni mwake yamo ya kujenga mifupa, na yamo ambayo mwili wa samaki unayahitaji kwa kiasi kidogo tu. Bahari zote kubwa zimeungana, kwa hiyo mchanganyiko huu haubadiliki sana. Bahari ya Tanga na bahari ya India ni karibu sawa.

Ziwa letu je? Mvua ikinyesha, maji hupita kwenye mawe na udongo. Huyeyusha madini kidogo kidogo na kuteremka nayo ziwani. Singidani halina mto wa kuyatoa maji kwenda nje. Jua linayanyonya maji, lakini madini hayapandi na mvuke. Yanabaki. Mwaka unaofuata yanaletwa mengine. Ni kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Maji yakipungua, chumvi inakolea. Ndiyo maana wakati wa kiangazi ukingo wa ziwa hugeuka mweupe. Na ndiyo maana ukali wa maji yake haukai mahali pamoja. Mwaka wa mvua nyingi maji yamelegea, mwaka wa ukame yamekolea.

Tena madini yenyewe hutegemea mawe ya mahali. Katika nchi zetu za Bonde la Ufa, maziwa mengi yasiyo na njia ya kutokea yana magadi ndani yake. Magadi mnayajua. Ndiyo tunayotia kwenye mlenda, ndiyo yanayolainisha maharage. Je, mama akikuagiza chumvi ukamletea magadi, mboga italika? Hailiki. Vyote viwili ni vyeupe, vyote viwili huyeyuka majini, lakini kazi zake ni mbali mbali.

Wataalamu wanacho kipimo cha jambo hili. Kinaanza na sifuri na kufika 14. Katikati ni 7. Vitu vichachu kama ndimu viko chini, karibu na 2. Vitu vya namna ya magadi na sabuni viko juu. Maji ya bahari ni 8 na kidogo. Maziwa ya magadi yanaweza kufika 9, 10 au hata kupita. Mtu atasema, "Kutoka 8 hadi 9 ni hatua moja tu." Sivyo. Katika kipimo hiki kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 8 hadi 10 ni mara mia moja!

Basi samaki wetu, waliozoea maji ya bahari, tuliwabadilishia maji kwa ghafla. Uvumilivu wao haukuweza kuwaokoa.

MWILI WA SAMAKI NA CHUMVI

Labda utauliza, chumvi inamfanya nini samaki?

Ukipaka samaki mbichi chumvi ili umkaushe, baada ya muda unaona maji yanamtoka. Chumvi inavuta maji. Samaki aliye hai baharini anavutwa maji hivyo hivyo, mchana na usiku. Kwa hiyo anakunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi anaitoa kwa mashavu yake, yaani yale matamvua mekundu anayopumulia. Kazi hiyo haina mapumziko.

Samaki wa mtoni yuko kinyume. Mwili wake una chumvi kuliko maji yaliyomzunguka. Kwa hiyo maji yanamwingia yenyewe, naye anakojoa sana ili asivimbe. Ukimtupa ghafla baharini atakauka akiwa ndani ya maji. Na wa bahari ukimtupa mtoni atajaa maji. Wapo wachache wanaoweza kuishi pande zote mbili, lakini hata hao wanataka kuzoeshwa pole pole.

UCHAFU USIOONEKANA

Liko na jambo la pili lililotuua samaki, na hili linawahusu wafugaji wote.

Sisi wa Singida tunajulikana kwa kuku. Ingia asubuhi katika banda lililofungwa, ambalo halijafagiliwa wiki nzima. Harufu inachoma pua na macho, si ndiyo? Ile ni amonia. Inatokana na kinyesi na mkojo.

Samaki naye anatoa amonia. Tofauti ni kwamba yeye hana mlango wa kutokea. Anakula, anajisaidia na anapumua mahali pale pale. Baharini uchafu huo unapotea kwa sababu maji ni mengi. Ndani ya lita 100 unakusanyika. Macho hayauoni. Maji yanaweza kung'aa kama kioo, kumbe ni sumu.

Mungu ameweka wasaidizi. Wako bakteria wazuri wanaokaa juu ya mawe na changarawe. Kundi la kwanza linaigeuza amonia kuwa sumu nyingine. Kundi la pili linaigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na ukali mwingi, ambacho ni chakula cha mimea. Lakini wasaidizi hawa hawaji siku moja. Katika sanduku jipya wanachukua wiki nne hadi sita kuongezeka na kutosha.

Hapa ndipo sifa ya uvumilivu ilipomletea samaki wetu balaa. Kwa miaka mingi wafugaji wa nje walikuwa wanamtia yeye kwanza katika sanduku jipya. Walisema, "Huyu ni mgumu, atastahimili sumu mpaka bakteria wazaliane." Wengine walistahimili, wengine walikufa, na waliobaki waliungua matamvua. Siku hizi wafugaji wazuri hawafanyi hivyo. Wanatia kipande kidogo cha samaki au kamba aliyekufa kioze ndani ya maji. Kikioza kinatoa amonia, bakteria wanapata chakula, na hakuna kiumbe hai anayeteseka. Mvumilivu asigeuzwe gunia la kupigia ngumi. Hilo ni la samaki, na ni la watu pia.

Sasa sikilizeni vizuri. Maji yakielekea upande wa magadi, amonia iliyomo ndani inakuwa kali zaidi. Ile kidogo iliyokuwa haidhuru jana, leo inaua. Kwa hiyo ndoo zetu mbili za maji ya ziwa zilipiga mara mbili. Zilibadilisha maji ghafla, na ziliamsha sumu iliyokuwa imelala.

MTU AKITAKA KUFUGA SAMAKI WA BAHARI NYUMBANI

Tuseme wazi. Kazi hii ina gharama, na haileti kitoweo. Lakini shule, hoteli au mtu mwenye nafasi anaweza kuifanya. Afuate mambo haya:

1. Sanduku liwe kubwa. Lita 100 ni mwanzo mzuri kwa samaki mmoja au wawili. Maji machache huharibika upesi.

2. Tumia chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chumvi ya jikoni peke yake haitoshi, na magadi hayafai kabisa. Kila lita inataka gramu kama 35. Lita 100 zinataka kilo tatu na nusu.

3. Pima. Kipo chombo kidogo cha kupimia chumvi, nacho hupima uzito wa maji. Lita ya maji yasiyo na chumvi ina gramu 1,000. Lita ya maji ya bahari ina gramu kama 1,025.

4. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

5. Subiri zile wiki nne hadi sita. Usiwe na haraka.

6. Maji yakipungua kwa sababu ya jua na joto, ongeza maji yasiyo na chumvi. Kumbukeni ule mchuzi: maji ndiyo yaliyoondoka, chumvi imebaki. Ukiongeza maji ya chumvi utazidisha. Lakini kama umetoa maji kwa ndoo, rudisha maji yenye chumvi, kwa sababu yaliyotoka yameondoka na chumvi yake.

7. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Singida iko juu, na usiku wa Juni na Julai ni baridi. Bila kipasha maji samaki ataugua.

8. Maji yatembezwe kwa pampu ndogo ili yapate hewa. Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, rudia mara nyingi. Hewa itaingia.

9. Lisha kidogo, kile anachokimaliza kwa dakika mbili au tatu. Chakula kinachobaki kinaoza na kuwa amonia.

10. Weka mawe yenye matundu ili mnyonge apate pa kujificha.

11. Samaki mpya usimmwage. Eleza mfuko wake juu ya maji kama robo saa, joto lifanane. Kisha ongeza maji ya sanduku ndani ya mfuko kikombe kwa kikombe. Mgeni hukaribishwa mlangoni, havutwi mkono.

HAYA YANATUHUSU NINI SISI WAKULIMA?

Yanatuhusu sana. Baada ya samaki wetu kufa, kikundi kimoja cha kijijini kilikuja kutuomba ushauri. Walikuwa wamechanga fedha za alizeti ili wachimbe bwawa la perege. Kisima chao kina maji yenye chumvi chumvi. Kama tungekuwa hatujapata somo, tungewaambia, "Chimbeni tu, perege ni samaki mgumu." Fedha zao zingezama.

Tuliwaambia wajaribu kwanza. Walileta maji ya kisima chao, tukayatia katika lile lile sanduku la kioo. Tukawapata perege wadogo watano. Tukawazoesha pole pole, kikombe kwa kikombe. Tukawaangalia kwa wiki sita. Jaribio la namna hiyo unaweza kulifanya hata katika pipa safi lililo kivulini. Samaki watano wakifa, hasara ni ndogo. Samaki elfu wakifa, kikundi kimevunjika.

Mfugaji wa bwawa akumbuke tena mambo matatu. Kiangazi maji yakipungua, chumvi inakolea kama ya ziwani. Ukilisha kupita kiasi, amonia inapanda. Na ukiona samaki wanahema juu juu alfajiri, hiyo ni hodi ya hatari. Acha kulisha, na ongeza maji mapya taratibu.

SAMAKI WA KWETU

Msidhani kwamba maji yetu hayana samaki wake. Yuko perege wa Manyara. Huyu ameumbwa kwa maji ya chumvi na magadi. Anapatikana katika maziwa machache tu ya Tanzania, kama vile Manyara, Eyasi na Kitangiri. Nje ya nchi yetu hayupo. Kwake ni mama anayelea. Hubeba mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe, na watoto wakiona hatari hurudi kinywani.

Huko Kenya, katika Ziwa Magadi, wako ndugu zake wanaoishi katika maji ya moto yanayokaribia nyuzi 40, na kile kipimo chetu kinafika karibu na 10. Wanawezaje? Samaki wengi hutoa amonia. Hao hutoa urea, kama iliyomo katika mkojo wetu na katika ile mbolea ya mifuko. Urea haina ukali wa amonia. Basi kila kiumbe ana maji yake.

Perege wa Manyara amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Maziwa yake hukauka miaka ya ukame. Hatari nyingine ni samaki wageni. Katika Ziwa Victoria, sato aliletwa katika miaka ya 1950, naye akawabana perege wa asili wa huko. Perege wa aina mbili wanaweza pia kuzaana wao kwa wao, na ile aina ya zamani ikapotea. Kwa hiyo tunawaomba: samaki wa bwawani asimwagwe ziwani wala mtoni, hata akiwa amekuchosha. Kabla ya kuleta mbegu ya samaki kutoka mbali, muulizeni afisa uvuvi wa wilaya.

MWISHO WA HABARI YETU

Ile barua ya kumtaka mhudumu ajieleze tuliichana. Lakini kuchana karatasi peke yake hakutoshi. Tulisimama mbele ya darasa la jioni, tukamwomba radhi, na tukaeleza kwamba kosa lilikuwa letu. Yeye alisema, "Yameisha." Halafu akaomba apewe kazi ya kulitunza lile sanduku.

Ndiye aliyewatunza wale perege watano. Kila asubuhi aliandika katika daftari: joto, chakula, hali ya maji, hali ya samaki. Wiki sita zilipokwisha, wote watano walikuwa hai. Wanakikundi walilisoma daftari hilo wao wenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kisha wakaenda kuchimba bwawa lao.

Ndugu wasomaji, tulikuwa na vyeti vya chuo, lakini aliyeyajua maji ya Singidani alikuwa mtu aliyekulia kando yake. Elimu ya vitabu na elimu ya mahali zikikaa meza moja, samaki hafi bure. Na mtu hasingiziwi bure.

MANENO YA KUKUMBUKA

Matumbawe: mawe ya baharini yanayojengwa na viumbe wadogo walio hai.
Amonia: sumu yenye harufu kali inayotokana na kinyesi na mkojo.
Matamvua: sehemu nyekundu ya shavuni ambayo samaki hupumulia.
Bakteria: viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wapo wabaya, na wapo wazuri.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini maji ya Singidani yaliwaua samaki wa bahari, na hali yote ni maji ya chumvi?
2. Maji ya sanduku yakipungua kwa joto la jua, utaongeza maji gani? Kwa nini?
3. Maji ya kisima cha kijiji chenu yana ladha gani? Mngeyajaribuje kabla ya kuchimba bwawa la samaki?
4. Je, iliwahi kutokea katika kijiji chenu mtu akalaumiwa kwa jambo ambalo alikuwa amelionya? Ilikuwaje?